Mnyapara na Watu Wake: Kazi ya Kila Siku ya Kuchimbua Mifupa ya Kale

Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa kuchimba. Vikundi vya mwethya vimejenga matuta ya fanya juu katika milima ya Mbooni na Kilungu, na kila kiangazi wanawake hufukua mchanga wa mito mikavu wakitafuta maji. Katika kazi hizo anayesifiwa ni yule aondoaye udongo mwingi kwa muda mfupi. Lakini iko kazi nyingine ya kuchimba, ambayo wana wa Ukambani wamejipatia jina kubwa kwayo kwa miaka zaidi ya sitini, na ndani yake mtu mwenye haraka hana nafasi.

Ilianza hivi. Mwezi wa Julai 1959, Bibi Mary Leakey aliona fuvu la kale sana katika bonde la Olduvai, nchi ya Tanganyika ya wakati ule. Chama cha National Geographic cha Marekani kikatoa fedha, na mwaka 1960 yeye na mumewe, Dr. Louis Leakey, waliweza kuchimba eneo kubwa kuliko walivyopata kuchimba. Vibarua wengi walitoka Ukambani. Mmoja wao alikuwa kijana aliyeitwa Kamoya Kimeu, mzaliwa wa sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, mwenye elimu ya miaka michache tu ya shule ya misheni. Baadaye alieleza kuwa alipoitwa katika kazi hiyo alijiuliza kama ni kufukua makaburi. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana mifupa ya wafu haiguswi ovyo nyumbani kwao. Wengine walikataa kwenda. Walioenda walikuta kwamba mifupa yenyewe imekwisha kugeuka jiwe, na kwamba mwenyewe hana ukoo ujulikanao.

Jambo la kwanza wanalofundishwa wageni wa kazi hii ni kwamba mfupa peke yake hausemi mengi. Ni kama shahidi aliyeletwa barazani bila kujulikana atoka kijiji gani wala aliona nini. Thamani yake imo katika mahali ulipolala: tabaka gani la udongo lilikuwa chini yake na lipi juu yake, kulikuwa na jivu la volkano au mchanga wa mto, na mifupa gani ya wanyama au mawe yaliyochongwa yalikuwa karibu. Jivu la volkano laweza kupimwa umri wake na wataalamu. Mfupa uliookotwa ukatiwa mfukoni hauna jivu tena. Kwa hiyo amri kuu ya kambi ni kwamba anayeona kitu asikiokote. Huweka mawe machache pembeni kuwa alama, akamwita mnyapara.

Kazi ina sehemu mbili, kutafuta na kuchimba. Katika kutafuta, watu hutoka kambini alfajiri, kwa sababu jua la asubuhi lililo chini hutupa vivuli, na kitu kidogo huonekana vizuri. Hutembea polepole kwa mstari, kila mmoja akitazama upana wake wa ardhi, wakifuata makorongo ambayo mvua imeyakata karibuni. Mvua ndiyo mchimbaji wa kwanza. Hufunua katika usiku mmoja kitu ambacho watu wasingalikifikia kwa mwaka mzima, lakini mwaka unaofuata hukivunja na kukichukua, na hapo hakuna atakayejua kuwa kilikuwapo. Wengine husema kwamba Mkamba amezaliwa na macho makali kwa sababu ya kuchunga mbuzi au kuchonga vinyago. Hiyo ni sifa ya kirafiki, lakini haielezi kitu. Jicho la kazi hii hufundishwa. Mtu huanza kwa kujifunza mifupa ya wanyama wa siku hizi, jino la swala na jino la nguruwe, mguu wa fisi na mguu wa nyani, mpaka aweze kutambua kipande kisichozidi ukucha wa kidole. Wako wanaoacha baada ya majuma machache kwa kuchoka kutazama chini.

Kuchimba kuna utaratibu mwingine. Kwanza mahali hupimwa, vigingi hupigwa ardhini na uzi hufungwa kutoka kigingi hata kigingi, mpaka pote pamegawanyika katika miraba sawasawa. Kila mraba una herufi na namba yake, kama nyumba za mjini. Mchimbaji hupiga magoti katika mraba wake, wala haingii katika mraba wa jirani hata akiona kitu kinang'aa huko. Sururu na sepetu hutumika juu tu, penye udongo usio na kitu. Kisha huja patasi ndogo, msumari, vyuma vyembamba kama vya daktari wa meno, na brashi. Udongo huondolewa sentimita chache chache. Mfupa ukionekana hauvutwi. Husafishwa pande zote, hupimwa kina chake, huchorwa katika ramani, hupigwa picha. Ukiwa umedhoofika hupakwa dawa ya majimaji inayoushikamanisha, na ulio mkubwa hufungwa kwa vitambaa vyenye plasta, kama mguu uliovunjika unavyofungwa hospitalini. Ndipo hutiwa katika mfuko pamoja na karatasi yenye tarehe, mraba na kina. Mfuko usio na karatasi ni hasara sawa na mfupa uliopotea.

Udongo uliotoka haumwagwi. Huchukuliwa kwa karai hadi kwenye wavu wa kuchekechea. Wageni hudhani wavu ni kazi ya watoto. Mwaka 1972, mashariki ya Ziwa Turkana, Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa vimetawanyika kwenye mteremko wa korongo. Udongo wa mahali pale ulichekechwa kwa majuma, vikapatikana vipande zaidi ya 150, na vilipoungwa vilitoa fuvu linalojulikana duniani kwa namba yake, 1470, lenye umri wa karibu miaka milioni 2. Sehemu kubwa ya fuvu hilo ilipita katika wavu.

Mnyapara ndiye anayeyashika yote haya pamoja. Huamua nani akae wapi: mwenye mikono myepesi asafishe mifupa, mwenye nguvu abebe makarai, na aliye kwenye wavu abadilishwe kabla macho hayajachoka. Kazi huanza mapema, husimama jua linapokuwa kali, na huendelea alasiri. Chini ya mawe mna nge, na pengine nyoka, kwa hiyo jiwe hugeuzwa kwa kuvutwa upande wa mtu ili lifunguke kuelekea mbali naye. Maji huletwa kwa gari, tena kutoka mbali, na yakipungua maneno huwa mengi kambini kuliko kazi. Mnyapara asiyehesabu mapipa ya maji kila jioni atapata ugomvi kesho yake. Watu wamekaa miezi mbali na wake zao na mashamba yao. Barua ikichelewa, au mvua ikinyesha nyumbani na wao hawapo kupanda, mikono huwa mizito. Mambo hayo hayaandikwi katika vitabu vya elimu, lakini mfupa mwembamba huvunjwa na mkono wa mtu mwenye hasira.

Halafu kuna suala la malipo. Huko Java, katika miaka ya 1930, mtaalamu G. H. R. von Koenigswald aliahidi kulipa fedha kwa kila kipande cha fuvu kitakacholetwa. Baadaye akatambua kuwa watu walivunja vipande vikubwa ili wapate malipo mara nyingi. Hawakuwa wajinga, walifanya hesabu sawasawa na mpango waliopewa. Kosa lilikuwa katika mpango. Mchimbaji anayelipwa mshahara wa siku zake, awe ameona kitu au hakuona, hana sababu ya kuvunja wala kuficha, na anaweza kuandika kwa haki kwamba mraba wake haukuwa na kitu. Neno hilo "hakuna" nalo ni habari.

Kamoya alipanda ngazi hizo zote. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, aliona utaya wa kale. Mwaka 1977 alifanywa msimamizi wa mahali pa kale pa Kenya katika Makumbusho ya Taifa. Mwezi wa Agosti 1984 kambi yake ilikuwa katika mchanga wa mto Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Siku ya mapumziko alitoka kutembea, na umbali wa mita 300 hivi aliona kipande cha mfupa wa paji la uso, kidogo kama kijaluba cha kibiriti, rangi yake sawa na kokoto zilizokizunguka. Habari zikapelekwa Nairobi, na Richard Leakey na Alan Walker wakaja. Udongo wa juu ulichekechwa, kisha shimo likachimbwa kuingia kilimani. Vipande vya uso vilikutwa kati ya mizizi ya mti wa miiba. Kazi ilichukua misimu mitano, hata 1988, na udongo ulioondolewa ulikuwa meta za mraba wa pande tatu zipatazo 1,500. Kilichopatikana ni karibu kiunzi kizima cha mtoto wa kiume aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 1985 Kamoya alipewa nishani ya La Gorce ya National Geographic mjini Washington, mkononi mwa Rais Reagan. Alifariki Julai 2022.

Ukambani penyewe kuna vitu vya kale, ingawa si vya umri huo wote. Mkulima anayechimba tuta hukuta vigae vya vyungu. Juu ya vilima huonekana mavi ya chuma ya wahunzi wa zamani. Na wanaochota mchanga wa mito huenda wakafunua mifupa iliyogeuka jiwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya Makumbusho na Urithi yataka anayegundua kitu cha namna hiyo aiarifu Makumbusho ya Taifa. Mambo ya kufanya ni machache. Kitu kiachwe palepale, na kama mvua iko karibu kifunikwe kwa udongo laini au turubai. Mawe yapangwe kando yake. Jina la kilima, mto na mwenye shamba liandikwe, pamoja na kina cha shimo na rangi ya udongo, na karatasi hiyo ipelekwe kwa chifu. Watoto, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kuona, waambiwe mapema wasichokoe kwa vijiti.