Cheti cha Jengo la Kijani Huanzia Kwenye Ramani

Mkandarasi akianza kuulizia cheti cha jengo la kijani baada ya kupiga plasta, huwa amechelewa. Somo la toleo hili linatoka Nairobi, kwa kampuni ya Acorn inayojenga hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani.

Mwaka wa 2019 Acorn ilitoa hatifungani ya kijani ya takriban shilingi bilioni 4.3, ya kwanza nchini Kenya. Fedha hizo zilikuwa za kujengea hosteli zinazotimiza viwango vya kijani. Kwa hivyo cheti hakikuwa pambo la ukutani, bali kilifungamana na mtaji wenyewe.

Kampuni ilifuata cheti cha EDGE, kilichobuniwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohudumia sekta ya kibinafsi. Ili kufuzu, jengo lazima liokoe angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi. Hulinganishwa na jengo la kawaida la aina hiyo mahali hapo. Ukiokoa asilimia 35 ya maji lakini asilimia 15 ya nishati, hujafuzu.

Safari ya cheti ina hatua nne:

1. Ramani. Msanifu huingiza vipimo katika programu ya EDGE, inayopatikana mtandaoni bila malipo. Kupunguza dirisha kwenye karatasi ni kufuta mstari. Kulipunguza ukutani ni kubomoa.

2. Cheti cha awali. Mkaguzi aliyeidhinishwa hupitia michoro na hesabu.

3. Ujenzi. Weka risiti na picha za kila kifaa kilichoahidiwa, hasa kitakachofunikwa. Fundi akinunua mifereji ya bei nafuu isiyobana maji, hesabu ya maji inaweza kuharibika.

4. Ukaguzi wa mwisho. Mkaguzi hufika kuona kama kilichojengwa ndicho kilichochorwa.

Ada za usajili, ukaguzi na cheti ziingizwe kwenye makadirio kabla ya kutaja bei ya kazi. Ukizisahau, zitakula faida yako.

Kumbuka pia kwamba cheti hiki hakichukui nafasi ya idhini ya ramani kutoka kwa kaunti, wala usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Zoezi: Chukua ramani ya mradi ulio nao sasa, uketi na msanifu na fundi wako. Jibuni maswali matatu. Ni vyumba vingapi vitahitaji taa mchana? Choo kitatumia lita ngapi kila kikivutwa? Ni nani atakayetunza risiti? Kama swali la tatu halina jibu, anzieni hapo.