Somo la Afya: Chupa Moja ya Mulkowal

Tunapotembelea vikundi vya akina mama kuna swali ambalo halikosi: "Huyo aliyetengeneza chanjo, yeye mwenyewe alijidunga?" Ni swali la haki kabisa. Leo tunalijibu kwa habari za mtu aliyejidunga kweli, mara mbili, na bado akalaumiwa kwamba dawa yake imeua watu.

Waldemar Haffkine alizaliwa mwaka 1860 huko Odessa, wakati huo ikiwa chini ya Urusi. Alikuwa Myahudi. Aliambiwa cheo cha chuo kikuu angekipata kama angebadili dini, akakataa. Basi akaondoka kwao, na mwaka 1889 akafika Paris kwenye Taasisi ya Pasteur, ambako kazi pekee iliyokuwapo ilikuwa ya kutunza vitabu. Akaichukua. Akimaliza vitabu, anaingia maabara.

Huko ndiko alikotengeneza chanjo ya kipindupindu. Mwezi wa Julai 1892 alijidunga mwenyewe, akashikwa na homa, akapona. Mwaka 1893 akaenda India, kwa maana kipindupindu kilikuwa kinamaliza watu huko. Mwanzoni watu walimwogopa, na si ajabu: mgeni, sindano, na serikali ya wakoloni nyuma yake. Kilichosaidia katika mitaa ya maskini ya Calcutta ni kwamba alitembea na madaktari wa hapo hapo, Wahindi, na walijidunga mbele ya watu.

Mwaka 1896 tauni ikaingia Bombay. Huu ni ule ugonjwa wa viroboto vya panya, uliofika hata Nairobi mwaka 1902, mpaka soko la Wahindi likachomwa moto. Haffkine alikuza viini vya tauni ndani ya mchuzi wa nyama, akaviua kwa moto, ili mwili ujifunze kumtambua adui aliyekwisha kufa. Tarehe 10 Januari 1897 akajidunga tena. Baadaye mwezi huo huo ugonjwa ukaingia gereza la Byculla. Karibu nusu ya wafungwa walikubali sindano. Tukiwaacha wale waliokuwa wameshaambukizwa kabla ya kudungwa, waliochanjwa waliugua wawili tu, wala hakuna aliyekufa. Wasiochanjwa waliugua 12, wakafa 6.

Sasa tufike Mulkowal, kijiji cha Punjab. Tarehe 30 Oktoba 1902 walichanjwa watu 107. Baada ya siku chache 19 kati yao walianza kukakamaa taya na mgongo. Ilikuwa pepopunda. Wote 19 walikufa. Kumi na tisa! Hebu fikiria kijiji kile, na nani angeleta mtoto wake tena kuchanjwa.

Bahati moja ni kwamba majina yalikuwa yameandikwa pamoja na namba za chupa. Wote 19 walidungwa kutoka chupa moja, namba 53N. Waliodungwa kutoka chupa nyingine hawakupata pepopunda. Kwa hiyo haikuwa chanjo yenyewe, ni uchafu ulioingia ndani ya chupa hiyo moja. Lakini uliingilia wapi?

Tume ya serikali ilisema uliingilia Bombay, maabarani, kwa sababu Haffkine alikuwa ameacha kutia asidi ya kaboliki na kutegemea moto peke yake. Akasimamishwa kazi. Mwaka 1904 akaondoka India. Kumbe ushahidi mwingine ulikuwapo siku zote. Chupa ile ilikuwa imekaa zaidi ya mwezi tangu kujazwa. Kama viini vya pepopunda vingekuwa ndani muda wote huo, ingetoa harufu mbaya. Daktari aliyeifungua aliinusa, hakusikia kitu. Na msaidizi wake alikuwa ameangusha chini ile koleo ndogo ya kuvutia kizibo. Akaisuuza tu kwenye dawa, akaendelea kufungua. Pepopunda, kama tujuavyo wenye ng'ombe na farasi, hukaa kwenye udongo.

Kwa maoni yetu, kosa la koleo ni la kibinadamu. Sote tumewahi kuokota kijiko chini tukakipangusa na nguo. Kinachotusumbua zaidi ni kwamba taarifa ile haikutolewa hadharani mpaka 1906, na miaka yote hiyo mtu anabeba lawama. Mwezi wa Julai 1907 wanasayansi 10, akiwamo Ronald Ross aliyegundua kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, waliandika barua katika gazeti la The Times kumtetea. Mwishoni mwa mwaka huo akaondolewa lawama, akarudi Calcutta. Ila hakupewa tena nafasi ya kujaribu chanjo mpya kwa watu. Maabara yake ya Bombay iliitwa kwa jina lake mwaka 1925, naye alifariki Lausanne, Uswisi, mwaka 1930.

Kwa vikundi, tuzungumze hili kabla ya kukutana tena: siku ya chanjo kijijini kwenu, kifaa kikianguka chini na foleni bado ni ndefu, ni nani mwenye ruhusa ya kusema "simama kwanza"? Na ile namba ya chupa, huwa inaandikwa na nani?