SOMO: NANI ARUHUSIWE KUWEKA PROGRAMU KATIKA KOMPYUTA ZA CHAMA?



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi, vya Mjini na vya mashamba, limo ndani ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao mmoja wa ofisi. Mwenye uwezo wa kuweka programu mpya katika kompyuta moja huenda ameshika ufunguo wa daftari zima.

Tutazame mfano. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilipatwa na maafa. Katika ofisi yake ya Odessa, Ukraine, programu ya hesabu iitwayo M.E.Doc ilikuwa imewekwa katika kompyuta moja kwa ombi la mmoja wa wakuu wa fedha. Programu hiyo ilikuwa halali. Lakini wahalifu walijipenyeza kwa watengenezaji wake na kutia virusi viitwavyo NotPetya katika masahihisho yake. Virusi vikaenea katika mtandao wa kampuni. Kompyuta 45,000 zililazimika kutengenezwa upya katika siku 10, na hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Hatusemi programu mpya zikatazwe. Karani anayekatazwa kila kitu hukwama, au hupitia mlango wa uani. Tunasema ruhusa itolewe kwa kipimo. Taratibu ni hizi:

1. Kila mtumishi, pamoja na Katibu, afanye kazi za kila siku kwa akaunti ya kawaida, isiyoweza kuweka programu.

2. Neno la siri la akaunti ya msimamizi lihifadhiwe katika bahasha iliyofungwa, ndani ya kasha la fedha.

3. Mwenye haja aandike ombi: programu gani, ya kazi gani, imetengenezwa na nani. Mtu wa pili aidhinishe. Programu ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, si katika flashi ya rafiki.

4. Anayehitaji uwezo huo mara kwa mara apewe akaunti ya pili, kwa kompyuta yake tu, si kwa mtandao mzima, na kwa muda uliotajwa.

5. Kila programu iandikwe daftarini: tarehe, kompyuta, aliyeomba, aliyeidhinisha.

6. Nakala ya hesabu iwekwe nje ya mtandao. Nakala muhimu ya orodha ya mtandao wa Maersk ilisalimika Ghana kwa sababu tu umeme ulikuwa umekatika. Chama kisingoje bahati kama hiyo.

Mkulima wa mwani wa Paje hana haja ya kujua akaunti ya msimamizi ni kitu gani. Ajualo ni kwamba akiba yake imeandikwa, na ametuamini tuilinde.

Maswali ya kujadili katika Kamati:

(a) Ni nani leo anayelijua neno la siri la msimamizi?

(b) Aliyepewa ruhusa mwaka jana kwa kazi ya siku moja, je, bado anayo?