Mwanamke Asiyechoka



Tukitaka kumsifu mama husema, "Yule ni hodari, halii wala hachoki." Ni sifa njema, lakini yaweza kumdhuru anayesifiwa. Tuwatazame wanawake weusi wa Marekani, waliotwikwa sifa hiyo tangu siku za utumwa.

Mtumwa wa kike alichuma pamba sawa na wanaume, akazaa, akalea watoto wake na wa bwana wake. Wenye watumwa walijituliza dhamiri kwa kusema kuwa mtu mweusi hasikii sana maumivu. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua watumwa wa kike akitafuta njia ya kutibu fistula ya uzazi. Majina ya watatu tunayajua: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi, bila nusukaputi. Sanamu ya daktari huyo iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018 tu.

Mtu atasema hayo ni ya kale. Sivyo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kuwa nusu hivi ya wanafunzi wazungu wa udaktari na madaktari wazungu wanafunzi waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo juu ya mwili wa mtu mweusi, kama vile kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Mwaka 2021, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini humo, walikufa kwa uzazi mama weusi karibu 70. Mama wazungu hawakufika 27. Sababu ni nyingi, lakini asiyesadikiwa anaposema "naumia" huchelewa kutibiwa.

Fannie Lou Hamer wa Mississippi alizaliwa mwaka 1917, mtoto wa 20 wa wakulima maskini. Mwaka 1961 alikwenda kutolewa uvimbe, akaondolewa na kizazi bila kuulizwa. Mwaka 1963, kwa kupigania haki ya kupiga kura, alipigwa gerezani hata figo ikaharibika. Watu humsifu kwa ushujaa. Mimi namheshimu zaidi kwa kuwa mwaka 1964 alisimama mbele ya watu akasema wazi kwamba amechoka. Alifariki mwaka 1977, hajatimiza miaka 60.

Nami nakiri kosa langu. Nilipofundisha chuo cha ualimu, msichana mmoja alirudi darasani siku tatu baada ya kumzika mama yake. Nikamsifu mbele ya wenzake. Sikumwuliza hali yake, siku ile wala baadaye.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini ilimfaa mwenye watumwa kuamini kuwa mwanamke mweusi haumii?

2. Ni nani mtaani kwetu ambaye hatujamwuliza hali yake kwa sababu twamwona hodari?