Ritifaa na Upatanisho wa Kisarufi katika Sehemu ya Maoni ya Programu ya Wavuti

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapomwona mwenzake wa sayansi ya tarakilishi akiunda programu ya wavuti, aghalabu hudhani kuwa kazi ile haimhusu. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Tutachukua kijisehemu kimoja tu cha programu, yaani mahali ambapo mtumiaji huandika maoni yake, na kuonyesha kwamba mengi yanayokiharibu ni masuala ya othografia na sarufi yanayofundishwa katika madarasa yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haina maana kubwa ikiwa mwananchi atatoa maoni kwa Kiswahili na mtambo ushindwe kuyapokea.

2. Safari ya maoni

Sehemu ya maoni ina hatua tatu za kimsingi. Kwanza, mtumiaji hujaza fomu: jina lake na maoni yake. Pili, fomu hiyo hupelekwa kwenye seva, ambayo huikagua. Tatu, seva huamuru hifadhidata iyaweke maoni hayo katika jedwali lenye safu za nambari ya utambulisho, nambari ya makala yanayozungumziwa, jina, maoni yenyewe na tarehe. Msomaji mwingine anapofungua ukurasa, maoni hutolewa jedwalini na kuonyeshwa. Kila hatua hushika maandishi, na maandishi ni lugha.

3. Tatizo la ritifaa

Katika Kiswahili sanifu, ritifaa hutofautisha sauti mbili: /ŋ/ katika ng'ombe na /ŋg/ katika ngoma. Alama hii si pambo. Neno ng'oa ni kitenzi chenye maana ya kutoa kitu kilichoshikilia kwa nguvu. Ngoa, bila ritifaa, ni nomino inayohusu wivu au tamaa. Aidha, ritifaa imo katika majina mengi ya Wakenya, kama vile Ng'ang'a, Nyong'o na Wang'ombe.

Sasa tazama kinachotokea. Lugha ya kuamuru hifadhidata hutumia alama iyo hiyo kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Tuseme mkulima ameandika: Ng'oa magugu mapema. Mwanaprogramu asiye mwangalifu huyapachika maneno hayo moja kwa moja ndani ya amri, nayo huwa hivi:

hifadhi maoni 'Ng'oa magugu mapema'

Hifadhidata husoma 'Ng' na kuamini kuwa maoni yamekwisha. Kinachobaki ni "oa magugu mapema", maneno ambayo inajaribu kuyafasiri kama amri. Bila shaka hushindwa, na mkulima huambiwa kwamba pana hitilafu. Hili si suala la usumbufu tu. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika baada ya ritifaa amri halisi ya kufuta jedwali zima au kusoma siri za wengine. Mlango unaomzuia Wang'ombe kuingia ndio huo huo unaomkaribisha mwizi.

Baadhi ya wanaprogramu hutatua tatizo hili kwa kuzifuta ritifaa zote. Hapo maoni ya mkulima huhifadhiwa kama "Ngoa magugu mapema", na Nyong'o akawa Nyongo. Mtambo umepona, lugha imeugua. Suluhisho linalofaa ni kutenganisha amri na maandishi. Amri hutumwa ikiwa na nafasi tupu, kisha maandishi hutumwa kando ili yajazwe katika nafasi hizo. Hifadhidata haiyafasiri kabisa, huyaweka yalivyo. Vivyo hivyo, wakati wa kuyaonyesha, alama zenye maana maalumu kwa kivinjari sharti zigeuzwe kwanza, ili maoni ya mtu yasije yakatekelezwa kama programu.

Pana tatizo jingine lililojificha. Ritifaa iliyonyooka ina nambari 39 katika mfumo wa Unicode, ilhali ile iliyopinda, ambayo simu na programu za uandishi mara nyingi huiweka zenyewe, ina nambari 8217. Kwa jicho letu ni alama moja. Kwa mtambo ni mbili. Anayetafuta ng'ombe kwa alama ya kwanza hatampata aliyeandikwa kwa alama ya pili, isipokuwa programu imeelekezwa kuzichukua kuwa sawa. Mtafiti anayekusanya data ya isimu kutokana na maoni ya watumiaji asipolijua hili, hesabu zake za maneno zitapotoka.

4. Tatizo la upatanisho

Juu ya maoni huwekwa taarifa ya idadi. Katika Kiingereza yatosha kubadilisha nomino. Katika Kiswahili kitenzi nacho hubadilika: Mtu 1 ametoa maoni, Watu 5 wametoa maoni. Zana ya gettext, inayotumiwa sana kutafsiri programu, huipa Kiswahili maumbo mawili, la umoja na la wingi. Hata hivyo, haitatui suala la ngeli. Kiolezo kama "[kitu] imefutwa" hufaa picha, lakini huzaa "kitabu imefutwa" na "maoni imefutwa". Njia salama ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino: Picha imefutwa. Kitabu kimefutwa. Maoni yamefutwa.

5. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba sehemu ya maoni inaweza kuvunjika kwa alama moja ndogo, na kwamba marekebisho ya haraka huweza kuiharibu lugha yenyewe. Mwanaprogramu anajua amri. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwa nini ng'oa si ngoa. Wawili hawa wanahitajiana. Inapendekezwa kwamba programu yoyote ya Kiswahili ijaribiwe, kabla ya kutolewa, kwa majina yenye ritifaa na kwa nomino za ngeli mbalimbali.

Maswali ya mjadala

(a) Taja jozi nyingine za maneno zinazotofautishwa na ritifaa.
(b) Andika taarifa ya kufutwa kwa ujumbe, faili na jibu, kwa umoja na wingi.
(c) Je, mtambo usahihishe sarufi ya mtoa maoni? Jadili.