Mwalimu na Stadi za Maisha: Somo kwa Wanaojiandaa Kushika Chaki



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, somo hili linawahusu kwanza wale wanaosomea ualimu, lakini halimwachi mtu nje. Ukimaliza chuo utakuwa mzazi, kaka, dada, imamu, muuguzi au mfanyabiashara mwenye vijana chini yake, na kila mmoja wa hao hufundisha. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilianza katika shule moja ya sekondari Koboko, sasa nafundisha Arua, na jioni nasaidia katika madrasa ya mtaani kwetu. Mengi ninayoyaeleza hapa nimeyaona katika madarasa hayo.

1. Stadi za maisha ni nini?

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kufundisha stadi za maisha shuleni. Lilitaja stadi kumi: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kina, kuwasiliana vizuri, kuishi na watu, kujitambua, kuhisi hali ya mwenzako, kumudu hisia, na kukabiliana na msongo wa mawazo.

Orodha hiyo ni nzuri, lakini mtu anaweza kuikariri yote na asiwe na hata stadi moja. Fikiri jinsi mtoto anavyofundishwa udhu. Ustadhi hamalizi kazi kwa kumwandikia nguzo za udhu ubaoni. Huchukua birika, hutawadha mbele yake, kisha humpa mtoto birika naye atawadhe huku akitazamwa. Akisahau kisigino huambiwa arudie. Kesho hutawadha tena, na kesho kutwa tena, mpaka mkono wenyewe ujue njia. Hapo ndipo maarifa yanapogeuka stadi: mtu ameona, amejaribu, amesahihishwa, amerudia. Somo lolote linalokosa hatua hizo nne limebaki kuwa maelezo.

2. Mafunzo kutoka kwa Mtume (S.A.W.)

Anas bin Malik (R.A.) amepokea kisa cha mtu wa Madina aliyekuja kwa Mtume kuomba. Abu Dawud na Ibn Majah wamekitaja, ingawa wapo wanazuoni walioona udhaifu katika isnadi yake. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko, ambalo upande walijifunika na upande wakalalia, na chombo cha kunywea maji. Mtume aliviagiza, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akatoa mbili. Dirhamu moja ikaenda kwenye chakula cha familia, ya pili ikanunua shoka. Mtume alilitia mpini kwa mkono wake, akamtuma yule mtu akakate kuni na kuuza, na asimwone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu kumi.

Tazama namna ya kufundisha hapo. Mwalimu alianza kwa kuuliza kilichopo, hakuanza na kilichokosekana. Alimwonyesha jinsi ya kupata bei nzuri. Alitenga cha kula na cha mtaji. Alimpa kifaa, kazi na muda, kisha akapokea hesabu yake. Yule mtu aliondoka na shoka na njia ya kulitumia.

Kisa cha pili kimo katika Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Abu Umama (R.A.). Kijana alikuja kumwomba Mtume ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume alimwita karibu, akamketisha, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi zake. Kila mara kijana alijibu hapana, na kila mara aliambiwa kwamba watu wengine nao hawalipendi kwa watu wao. Mwishoni Mtume alimwekea mkono na kumwombea dua. Humo mna kufikiri kwa kina, mna kuhisi hali ya wengine, na mna kumudu matamanio. Zaidi ya yote, kijana yule aliweza kulitamka swali lake mbele ya mwalimu. Jiulize, ni wanafunzi wangapi Arua leo wanaoweza kumuuliza mwalimu wao swali la namna hiyo na wasifukuzwe?

Na katika Surat Luqman, aya ya 13 hadi 19, baba anamfundisha mwanawe. Anaanza na tauhidi. Katikati unakuja wasia wa Mwenyezi Mungu juu ya wazazi wawili, kisha baba anaendelea na sala, kuamrisha mema, kusubiri, na mwisho namna ya kutazama watu, kutembea na kushusha sauti. Imani na adabu ya barabarani zimewekwa katika wasia mmoja. Sisi tumezitenganisha: dini tumeipeleka madrasa, hesabu tumeipeleka shule, na maisha hatukuyapa mwalimu.

3. Hali yetu Arua na Koboko

Mwaka 2020 Uganda ilianza kutumia mtaala mpya wa sekondari ya chini, uliotayarishwa na Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala. Unamtaka mwalimu ajenge uwezo wa kufikiri na kutatua matatizo, ubunifu, ushirikiano, mawasiliano, na matumizi ya hesabu na teknolojia. Kazi za darasani na miradi zinabeba asilimia 20 ya alama, mtihani wa mwisho asilimia 80. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Kwa maandishi, basi, stadi za maisha zimeingia darasani. Swali ni kama zimemfikia mwanafunzi.

Nimewahi kuona mradi wa sabuni ya maji ambao sabuni yake ilinunuliwa sokoni, ikabandikwa karatasi yenye jina la kikundi, ikapewa alama. Wanafunzi wale walijifunza stadi moja siku hiyo, nayo ni kudanganya kwa utaratibu. Mwalimu aliyepokea chupa ile bila kuuliza imetengenezwaje ndiye aliyewafundisha.

Kinyume chake, maisha yenyewe ya mpakani yamejaa masomo. Koboko iko karibu na Kongo na Sudan Kusini. Mama anayeuza samaki wakavu hushika shilingi, faranga na pauni kwa siku moja, na huongea Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili kwa kadiri mteja alivyo. Mwanawe hukaa darasani na kufeli swali la kubadilisha fedha kwa sababu swali limeandikwa kwa dola na pauni ya Uingereza.

Nataka nieleze siku moja ya darasa langu Koboko. Tulikuwa kidato cha tatu tukipitia hesabu za riba. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini Waislamu tuhesabu kitu kilichoharamishwa. Nilimjibu kwamba daktari husoma sumu ili aitambue mwilini mwa mgonjwa. Baada ya kipindi msichana mmoja alibaki nyuma. Mama yake alikuwa amekopa shilingi 300,000 kuongeza bidhaa mezani, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Kwa miezi minane alikuwa amelipa 30,000 kila mwezi, na nyumbani waliamini deni linakaribia kwisha.

Binti huyu alikuwa amepata alama zote katika zoezi la kanuni ya riba. Hakuwa amewahi kuiweka kanuni ile juu ya meza ya mama yake. Tulikaa tukaandika: 30,000 mara miezi 8 ni 240,000, na zote zilikwenda kwenye riba. Deni lilikuwa bado 300,000 kamili. Miezi miwili zaidi, na riba peke yake ingelingana na mkopo. Alikwenda nyumbani na karatasi ile. Mama alimwita kaka yake, wakauza mbuzi wawili na sehemu ya bidhaa, wakalipa deni lote kabla ya mwezi kwisha. Muhula uliofuata karo ya binti ilitoka katika zile 30,000 zilizokuwa zikienda kwa mkopeshaji.

Kanuni ilikuwa katika kitabu tangu mwanzo wa muhula. Kilichokosekana ni mtu wa kuiunganisha na nyumba.

4. Wajibu wa mwalimu

Kwanza, awe mfano. Mwalimu anayechelewa hawezi kufundisha kutunza muda, na anayetukana hawezi kufundisha kumudu hasira. Wanafunzi husahau maelezo yetu, lakini hawasahau tulivyofanya tulipokasirika.

Pili, aulize kabla ya kujibu. Mpe mwanafunzi tatizo la kweli la mtaani kwake: bei ya muhogo inapopanda, maji ya kisima, nauli ya bodaboda. Mwache ajaribu, umsahihishe, arudie.

Tatu, afundishe kuishi na watu. Madarasa yetu yana watoto wa wenyeji na watoto wa wakimbizi. Lobule, katika wilaya ya Koboko, inapokea wakimbizi wa Kongo. Bidibidi, katika wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya ndugu wa Sudan Kusini. Ukiwaacha wachague wenyewe, kila lugha hukaa benchi lake. Mimi huchanganya vikundi na kubadilisha kiongozi kila wiki, na ugomvi ukitokea kila upande hueleza maneno ya mwenzake kabla ya kueleza yake. Wazee wetu wanajua thamani ya jambo hili. Baada ya mwaka 1979 watu wa West Nile kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, wakawa wao wageni katika nchi za watu. Na mapatano ya Yumbe ya Desemba 2002, kati ya serikali na UNRF II, yalipatikana kwa watu kukaa na kusikilizana.

Nne, awe mlango ulio wazi. Shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wasichana wengi hawakurudi. Wengine walipata mimba, wengine waliozwa. Binti aliyejifunza kusema hapana, na aliyemjua mwalimu mmoja wa kumwendea, alikuwa na ngao. Mwalimu awape wasichana na wavulana maneno ya kusema kabla ya siku ya kuyahitaji kufika, na ayafanyie mazoezi nao kama tunavyofanya mazoezi ya udhu.

5. Vikwazo vilivyopo

Sitawaficha kwamba kazi ni nzito. Darasa linaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati. Vitabu ni vichache. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, mwenzake wa sanaa akaachwa mbali nyuma, na chama cha walimu kikaitisha mgomo. Mwalimu aliyevunjika moyo hufundisha kwa kumaliza mada tu. Na wazazi wengi bado wanauliza jambo moja: mtoto amepata alama ngapi?

Hata hivyo, stadi nyingi hazingoji bajeti. Kuuliza swali zuri ni bure. Kumsikiliza mtoto dakika tano ni bure. Kuchanganya vikundi kunataka mpango wa mwalimu tu. Tudai haki zetu kwa njia zake, na huku tukumbuke kwamba mtoto aliye mbele yetu leo hatakuwa kidato cha tatu mara ya pili.

6. Wewe uanze wapi?

Usisubiri shahada. Likizo hii nenda madrasa ya kwenu, omba vipindi viwili kwa wiki. Fundisha watoto kuandika mapato na matumizi, kusoma mkataba kabla ya kutia saini, kuzungumza mbele ya watu. Jifunze wewe mwenyewe kwanza: wangapi kati yetu tunakopa kwa simu bila kusoma gharama yake? Sheria ya mwaka 2016 iliruhusu benki za Kiislamu Uganda, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapewa leseni ya kwanza. Mwanafunzi Mwislamu anayesomea biashara aweze kumweleza mama wa sokoni tofauti ya ushirika wa faida na riba, kwa lugha ya sokoni.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Chagua stadi moja kati ya zile kumi. Nani alikufundisha, na kwa njia gani?
2. Katika kisa cha mtu wa shoka, ni hatua ipi ambayo walimu wetu wa leo huiruka mara nyingi?
3. Taja somo moja unalosoma chuoni. Litamsaidiaje mtu mmoja wa nyumbani kwenu kabla ya mwisho wa muhula huu?
4. Kijana akikujia na swali la aibu, utamjibuje bila kumfukuza na bila kuhalalisha kosa?

Ewe Mola wetu, tunufaishe kwa uliyotufundisha, utufundishe yatakayotunufaisha, na utujaalie tuwe walimu wa kheri kwa watakaotufuata. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.