Mvinyo wa Kipupwe: Maswali Yenu Kuhusu Zabibu za Dodoma

Kusi ikishaipoza Dar es Salaam, kati ya Juni na Agosti, maswali ya mvinyo huongezeka mezani kwangu. Mengi hutoka pembezoni mwa jiji: Bunju, Tegeta, Mbagala. Safari hii nimechagua yanayogusa mashamba madogo ya familia kule Dodoma. Naamini mnywaji wa Kinondoni akiijua kalenda ya mkulima wa Mpunguzi au Hombolo atachagua chupa bora, na fedha yake itamfikia anayestahili. Majibu ni ya waliotimiza miaka 18, isipokuwa lile la juisi, ambalo ni la nyumba nzima.

Shikamoo mzee. Nasikia mizabibu ya nchi za baridi hulala miezi kadhaa. Ya Dodoma hulala lini? (Tegeta)

Marahaba, mwanangu. Hailali. Ukienda Stellenbosch, Afrika Kusini, mwezi Julai utaikuta mizabibu imebaki vijiti, haina hata jani. Baridi imeilaza, na joto la Septemba ndilo litakaloiamsha. Wao huvuna mara moja tu kwa mwaka. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai kule unataka blanketi, lakini baridi yake haitoshi kuangusha majani. Mwaka wa mzabibu wetu unapangwa na mkasi wa mkulima. Akishapogolea, baada ya wiki mbili hivi macho ya tawi yanachipua, na kutoka mkasi hadi kikapu ni kama miezi minne.

Kwa hiyo familia yenye ekari moja au mbili huishi misimu miwili ndani ya mwaka mmoja. Inapogolea kuelekea mvua za Desemba na kuvuna Februari hadi Machi. Hicho ni kipindi cha wasiwasi, kwa sababu unyevu huleta ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na baba hushinda na bomba la dawa mgongoni. Mvua ikikatika, wanapogolea tena karibu na Mei. Wakati sisi huku tunavaa masweta, wao wanapalilia, wanafunga matawi kwenye waya, wanachota maji visimani na kuwafukuza ndege vishada vinapoanza kubadilika rangi. Mavuno ya pili huja Agosti na Septemba. Mvua ya mwaka mzima Dodoma ni milimita 550 hadi 600 tu, na karibu yote huisha Aprili, kwa hiyo msimu huu wa pili unategemea sana maji ya kumwagilia. Asiye na kisima anaangalia mbingu kavu na kupata nusu ya alichotarajia.

Mavuno yapi hutoa mvinyo bora? (Kawe)

Ya Agosti na Septemba, na ningependa kila muuzaji wa mvinyo wa Dodoma aandike msimu kwenye lebo. Sukari ya zabibu ndiyo inayogeuka kuwa kileo. Zabibu yenye Briksi 22 kwenye kipimo hutoa mvinyo wa kileo cha asilimia 12 hivi. Katika kiangazi tunda hukomaa taratibu, usiku wa baridi hulinda uchachu wake, na mkulima anaweza kusubiri siku kumi zaidi bila hofu. Mvua ikinyesha vishada vikiwa karibu kuiva, tunda hunywa maji, sukari hupungua nguvu, na ukungu humlazimisha mkulima kuvuna mapema. Mwenye kiwanda naye hulazimika kurekebisha kwa sukari ya dukani.

Sisemi mvinyo wa Machi haufai. Mvinyo mweupe wa Machi ukitengenezwa kwa uangalifu huwa mwepesi na wa kuburudisha, na Julai ndiyo saa yake. Lakini mwekundu wenye mwili, wa kukaa nao jioni ya kipupwe, tafuta uliotokana na zabibu za Agosti au Septemba iliyopita. Umepumzika karibu miezi kumi, na ule ukali unaokausha ulimi umelegea.

Mzee, tunakutana ukoo mzima Bunju mwishoni mwa Julai. Ninunue aina gani tatu? (Bunju)

Dada yangu, anza na mweupe wa Chenin Blanc. Zabibu hii imezoea udongo wa Dodoma na ina uchachu safi unaokata mafuta ya changu wa kukaanga au nazi ya samaki wa kupaka. Kama mtapitia Kunduchi kununua samaki asubuhi, chupa hii ndiyo mwenzao.

Ya pili iwe Makutupora Red, zabibu nyekundu iliyoenea kuliko nyingine katika mashamba madogo, yenye jina la kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Chukua ile kavu, isiyoongezwa sukari, mwende nayo kwenye mbuzi choma na mishkaki. Wengi Dar wanaijua ikiwa tamu tu, na wanaikosea heshima kwa kudhani haina sura nyingine.

Ya tatu itategemea mfuko. Kuna Syrah, na kuna zabibu za asili ya Italia, Aglianico na Teroldego, ambazo kampuni ya Cetawico ya Hombolo imezishughulikia. Aglianico ni nzito na inakaza kinywa, inataka nyama yenye mafuta. Ukiwa na kitimoto cha kuoka au mkia wa ng'ombe uliochemshwa saa nyingi, ifungue saa moja kabla ya chakula. Wazee wanaopenda tamu wasisahauliwe: wawekee chupa ndogo ya mvinyo mtamu na sahani ya visheti baada ya pilau.

Mvinyo mwekundu si hunywewa bila kupoozwa? (Mbagala)

Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 16 au 18. Sebule ya Mbagala, hata Julai, mchana hukaribia nyuzi 28. Weka chupa nyekundu kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, nyeupe saa tatu. Na ukiwa dukani, usichukue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua, hata kama imepunguzwa bei. Joto limeshaipika.

Kuna jamaa ananiuzia "mchuzi wa zabibu" kwa madumu. Ni nini hasa? (Chang'ombe)

Mchuzi ni zabibu iliyosindikwa shambani au kwenye kiwanda kidogo na kuhifadhiwa kwenye matangi, ikisubiri kiwanda kikubwa kiinunue, kiimalizie na kuitia kwenye chupa. Wewe wa Chang'ombe uko jirani na mwisho wa safari hiyo, kwani Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi na wa Dodoma Wine, wapo mtaani kwako.

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo maisha ya familia hizi yanapoamuliwa. Zabibu ya mvinyo ikishaiva haingoji. Kreti zikikaa juani siku mbili zinaanza kuchacha zenyewe. Mkulima asiye na mnunuzi siku ya kuvuna atakubali bei yoyote. Kiwanda cha umma cha DOWICO kiliposimama, wakulima walibaki na matunda yasiyo na pa kwenda, na wazee wa vijiji hivyo hawajasahau. Mchuzi unampa mkulima muda: akiwa na tangi safi, chachu nzuri na mtu anayejua kupima, anauza baada ya miezi, si baada ya saa. Ushuru wa bidhaa nao umewekwa chini zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Kwa hiyo kiwanda kinachonunua Dodoma kina nafuu ya kweli mkononi, na sioni kisingizio cha kumchelewesha mkulima malipo.

Lakini dumu la mtaani usinunue. Hujui limepita wapi, na plastiki iliyobeba mafuta ya kupikia haifai kubeba mvinyo. Chupa halali ina stempu ya kodi ya kielektroniki, ambayo unaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya TRA ya Hakiki Stempu. Tazama pia alama ya TBS.

Nani aliileta zabibu Dodoma? (Mwenge)

Wamisionari Wakatoliki, waliohitaji divai ya misa. Bihawana, kwenye barabara ya Iringa, ndiko kunakotajwa zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Sheria ya Kanisa inataka divai ya altareni iwe ya zabibu halisi na isiyoharibika, na soko hilo bado lipo.

Naweza kupanda mzabibu uani kwangu? (Boko)

Utaota, utakupa kivuli, na pengine vishada vichache vya kuwafurahisha watoto. Mvinyo usahau. Pwani ya Dar hupata mvua karibu mara mbili ya Dodoma, na hewa yake ina unyevu mwaka mzima. Ukungu utakutangulia kwenye tunda. Ukitaka kujaribu, panda zabibu ya mezani mahali penye upepo, pogolea Mei ili ikomae kwenye kiangazi, na usimwagilie majani.

Assalaam alaykum. Sisi nyumbani hatunywi kileo, lakini watoto wanapenda juisi ya zabibu. Nifanyeje isichache? (Tandika)

Waalaykumu salaam, mama. Swali lako ni la maana sana, kwa sababu ganda la zabibu lina chachu yake ya asili, na juisi mbichi ikiachwa mezani usiku mmoja huanza kutoa povu. Osha zabibu, zitoe kwenye vikonyo, ziponde na kuchuja. Kisha pasha juisi hadi iwe moto sana bila kutokota, nyuzi 80 hivi, kwa dakika chache, uimimine ikiwa bado moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, na ufunge. Ikipoa iingie friji, na ikifunguliwa imalizwe ndani ya siku mbili tatu. Ile usiyoipasha moto inywewe saa hiyo hiyo. Nunua Agosti na Septemba, zabibu zikiwa tamu, na hutahitaji sukari. Soko la Temeke Stereo liko karibu nawe.

Je, mvinyo wa moto wenye viungo ni jambo la Wazungu tu? (Mbezi Beach)

Viungo vyenyewe ni vya kwetu. Chukua mwekundu wa bei ya kawaida, karafuu tano za Unguja au Pemba, kijiti cha mdalasini, iliki mbili na ganda la chungwa. Pasha polepole, zima kabla haujatokota, kwani kileo huruka upesi kuliko maji. Chupa nzuri usiifanyie hivi.

Nataka kwenda kuona shamba mwenyewe. Lini? (Kigamboni)

Nenda kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na safari haizidi saa nne na kitu. Ukitoka stesheni una njia mbili: barabara ya Iringa kuelekea Bihawana na Mpunguzi, au kaskazini mashariki hadi Hombolo. Piga simu kwanza kwa familia au chama cha ushirika unachokwenda kukitembelea, ukubaliane nao. Beba fedha taslimu, na uwaulize walipogolea lini na wanauza kwa nani. Lala Dodoma usiku wa kwanza ili ufike shambani alfajiri, kwa sababu zabibu huchumwa kabla jua halijawa kali, na kreti zikishapakiwa mwenyeji hana tena nafasi ya mgeni.